Vifaa vya nesi wa gerezani na wodi ya dharura za akili: vipi vya kununua, vipi ni mzigo tu

Haya naandika kwa manesi wanaoingia magerezani, mahabusu na zile wodi za dharura za akili ambako mgonjwa analetwa na pingu na watu watano wanaongea kwa mpigo. Kuna katalogi za vifaa vyetu "maalum" na kila mwaka zinazidi kunenepa: vitufe vya hatari, magauni yasiyochanika, mikanda, kalamu laini, fomu za alama, tableti, kozi za siku mbili zenye cheti cha rangi. Vingine tunapewa na mwajiri, vingine tunajinunulia kwa mshahara wetu wenyewe. Nimevitumia karibu vyote kiasi cha kuwa na la kusema. Majina ya kampuni sitaji maana vingi vinafanana, tofauti ni boksi.

Kila kifaa nakiuliza swali moja tu, kwamba nikishakitumia nimemkaribia yule aliyeko ndani ya seli au nimepata sababu ya kubaki nje ya mlango? Kazi hii ina milango mingi mno na ukiangalia vizuri vifaa vingi vinatengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeko upande wetu wa mlango.

Naanza na kitufe cha hatari kwa sababu ndicho nesi mgeni anakiulizia kwanza. Kile cha kubana kiunoni ni kizuri kuliko cha shingoni. Chukua kinachotetemeka ukishabonyeza, hapo unajua ujumbe umeenda bila kukiangalia, na kinachosema chumba ulichopo, siyo kile kinachosema "jengo la pili" halafu wenzako wanakimbia kila korido wakikutafuta. Zege na milango ya chuma vinakula mawimbi vibaya sana, kwa hiyo usiridhike na jaribio la pale mapokezi, ingia nacho bafuni, stoo ya dawa, kona ya mwisho ya seli za kutengwa, bonyeza huko uone kama mtu anakuja. Mimi kila nikianza zamu namwambia askari wa zamu, "Afande, nabonyeza kujaribu," anasikia, anaangalia saa, tunaendelea. Kinanipa moyo wa kuingia mahali ambapo nisingeingia, basi nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya betri, hizo taa zao za "chaji imebaki" zinadanganya kupita kiasi.

Pembeni ya hapo, kamba ya kitambulisho nunua ile inayoachia yenyewe ikivutwa, na iwe na kiungo cha kuachia zaidi ya kimoja, maana yenye kimoja tu kisogoni mtu akiishika pande zote mbili karibu na koo inaweza isiachie. Stethoskopu shingoni hapana, mfukoni.

Upande wa karatasi, mimi nampa ushindi Brøset. Ni orodha ya kubashiri kama mgonjwa atakuwa mkali na kushambulia, ilitoka Norway, vitu 6 tu: kuchanganyikiwa, kukereka haraka, kelele na fujo, vitisho vya maneno, vitisho vya mwili, na kushambulia vitu kama meza au mlango. Kila kimoja 0 au 1, unajumlisha. Sifuri hatari ni ndogo, 1 hadi 2 ni ya kati, kuanzia 3 hatari ni kubwa na unatakiwa uwe na mpango sasa hivi, siyo baada ya chakula. Inabashiri saa 24 zijazo basi. Naipenda kwa sababu huwezi kuijaza ukiwa ofisini, lazima umwone mtu, umsikie, na kama unamfahamu ndiyo kabisa, kwa sababu maelekezo yake yanasema kwa mgonjwa unayemjua unaweka 1 pale tu tabia ilipozidi kawaida yake. Kipengele hiki watu wanakiruka sana! Kuna mzee ambaye kuongea kwake ni kupaza sauti, anaomba maji kwa sauti ya kuita kivuko, nesi mgeni anampa 1 ya kelele na 1 ya kukereka halafu anashangaa kwa nini namba haishuki wiki nzima. Mzee hana shida yoyote, ndivyo alivyo. Siku alipokaa kimya akawa anavuta shuka vuta shuka, hiyo ndiyo siku ya kuandika.

Kasoro haiko kwenye fomu, iko kwa sisi. Mtu alipata 4 Jumatatu usiku, mpaka Ijumaa bado anaitwa "yule wa nne", analetewa dawa na askari watatu, chakula kinapita dirishani, hakuna aliyempima tena. Namba ya saa 24 imegeuka jina lake. Nyota nne na nusu kwa karatasi, kwa matumizi yetu sisi mbili.

Sasa kifaa bora kuliko vyote kwenye mkoba wangu wa dharura za akili, na wala hakiuzwi kama kifaa cha akili: mashine ya kupima sukari.

Nieleze kidogo. Analetwa kijana, jasho linamtoka mpaka fulana imelowa, anatukana, anarusha ngumi hewani, hajui yuko wapi, wameshampachika jina la kichaa tangu getini na mmoja ananihimiza, "Sista mpige sindano alale huyu, atatuumiza." Ukimtazama tu unaweza kukubaliana nao. Nikaomba wanishikie mkono mmoja tu, kidole kimoja, tone moja. Ikasoma chini ya 2. Sukari ikiwa chini ya 4 kwa vipimo vya milimoli unatakiwa uitibu, sembuse hiyo. Alikuwa bado anameza vizuri kwa hiyo tukampa jeli ya sukari kidogo kidogo shavuni, baada ya kama robo saa tukapima tena imepanda, tukaongeza, na swali lake la kwanza la akili timamu lilikuwa ni nani kachukua viatu vyake. Angekuwa hawezi kumeza ni glukagoni ya sindano au dekstrosi ya mshipa. Ningempiga ile ya kulaza angenyamaza, kila mtu angeshukuru kwamba ametulia, na ubongo ungeendelea kufa humo ndani ya utulivu.

Ndiyo maana nasema kabla ya kuandika neno "saikosisi", yaani kichaa, kwenye faili pima sukari, pima oksijeni kidoleni, pima joto, pima presha, angalia kichwa kama kimegongwa. Anayeona wadudu ukutani na kuchuma vitu hewani, na ambaye asubuhi alikuwa mzima kisha jioni haelewi, mwanzie mwilini. Maambukizi, oksijeni ndogo, chumvi ya damu kushuka, pombe kukatika, jeraha la kichwa, vyote vinaweza kuvaa sura ya kichaa.

Ukichagua mashine chukua yenye taa pale kijiti kinapoingia, maana taa za seli nyingi ni za kubahatisha, na yenye kitufe cha kutema kijiti bila kukishika. Sindano za kidoleni ziwe za kutumia mara moja ambazo zinajirudisha zenyewe ndani, na uzihesabu ukiingia uzihesabu ukitoka, mbele ya mtu, kwa sauti. Nyota tano na sina la kupunguza.

Kwenye kukata ulevi kuna fomu mbili za kupima makali ya arosto mtakutana nazo popote, CIWA-Ar ya pombe na COWS ya unga na dawa za jamii hiyo. Ya kwanza ina vipengele 10, alama za juu kabisa 67. Ya pili ina vipengele 11, juu kabisa 48, na ukishafika 13 umeingia arosto ya kati. Nazipenda zote mbili, naziogopa zote mbili.

Nazipenda kwa sababu zinakulazimisha kugusa. Huwezi kupima mtetemeko kwa macho kupitia kidirisha cha mlango, unamwambia anyooshe mikono, atandaze vidole, na kama hauonekani unaweka ncha za vidole vyako kwenye vyake usikilize. Mapigo ya moyo kwenye COWS unayahesabu akiwa amekaa au amelala walau dakika nzima, siyo ametoka kupandishwa ngazi na pingu. Unaangalia mboni, unaangalia vipele vya baridi mkononi kwa kupitisha kidole, unahesabu miayo. Fomu ikijazwa vizuri ujue kuna mtu alikaa na mtu. Sasa nenda kaangalie mafaili, utakuta fomu safi kabisa, wino uleule, saa nane usiku na saa kumi alfajiri, namba zilezile, na mlango haukufunguliwa.

Tableti ndiyo imeharibu zaidi. Sehemu moja tulipewa programu ambayo haikuruhusu kuhifadhi mpaka vipengele vyote 10 viwe na namba, hamna kitufe cha "sikuweza kupima". Mgonjwa amelala usingizi mzito, au anapiga kelele hajibu, au hamwelewani lugha, unafanyaje? Watu wanabonyeza sifuri, sifuri, sifuri. Kwa daktari anayesoma asubuhi hiyo sifuri ni habari njema, anaona mtu anaendelea vizuri. Programu hiyo nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu inaandika saa.

Jambo ambalo natamani lingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya fomu hizi ni ratiba ya pombe. Degedege linaweza kuja kuanzia kama saa 6 mpaka 48 baada ya tone la mwisho, na kule kuweweseka kwenyewe, joto juu, jasho, mtu haelewi yuko wapi, mara nyingi ni saa 48 mpaka 96. Hesabu mwenyewe mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni. Jumamosi anatetemeka kidogo anasema yuko poa, Jumapili usiku wakati manesi ni wachache kuliko siku zote ndipo anaanza kuongea na ukuta, halafu mtu anaandika "mgonjwa wa akili, apelekwe seli ya peke yake". Na ukishaona anaweweseka usiendelee kung'ang'ana na CIWA-Ar, nusu ya maswali yake yanahitaji mtu anayejibu kwa akili yake, hapo ni kumtoa haraka kwenda hospitali yenye uwezo.

Halafu ule usemi wa kwamba arosto ya unga haiui, inasumbua tu. Uongo. Mtu anatapika na kuharisha siku tatu nne mfululizo, ana bomba moja la maji na hana nguvu ya kulifikia, anakauka mpaka anakufa. COWS inauliza tumbo likoje, ila haina pa kuandika amekunywa kiasi gani na amekojoa lini. Mimi naandika pembeni kwa mkono, "vikombe 2 tangu asubuhi, mkojo rangi ya chai ya rangi", na kila fomu mpya ikitolewa naomba waongeze kiboksi hicho, bado sijakiona. Nyota nne zote mbili.

Tukija kwenye uangalizi wa mtu anayetaka kujiua, hapa ndipo katalogi imejaa takataka nyingi zaidi. Kuna kijiti cha kielektroniki unagusisha kwenye kidude kilichobandikwa mlangoni, kinalia, kinarekodi kwamba duru ya ukaguzi imefanyika saa fulani dakika fulani. Mabosi wanakipenda kufa. Ripoti zinatoka zimepangika. Ila kinathibitisha kwamba mkono wangu ulifika mlangoni, hakisemi kama macho yangu yalimwona mtu anapumua. Nimeona mtu anagusisha milango mfululizo huku anaongea na simu, pi, pi, pi, pi, na kwa mfumo yeye ndiye mkaguzi bora wa mwezi. Na kwa sababu kinataka usichelewe, watu wanapita kwa mdundo mmoja, wakati mwongozo unaeleweka, muda usizidi dakika 15 na upishane, mara 7, mara 12, mara 9, asiweze kukupigia hesabu. Aliye kwenye hatari ya karibu kabisa hana habari za dakika 15, anakaliwa na mtu muda wote, macho kwa macho. Kijiti nyota moja na nusu.

Gauni la usalama, lile zito la kushonwa kwa tabaka, lisilochanika na lisilokunjika kirahisi, lenye kubanwa kwa velkro. Linafanya kile linachodai, sikatai. Ukilinunua angalia velkro, za bei nafuu baada ya kufuliwa mara kadhaa hazishiki na mtu anabaki ameshikilia mbele kwa mikono miwili akiongea na daktari, aibu tupu. Nunua saizi za kutosha, hii ya "moja inamtosha kila mtu" haimtoshi yeyote. Kinachonikera ni linavyotumika, mtu akisema tu amechoka na maisha anavuliwa nguo zote, anapewa gauni, taa hazizimwi, kitabu kinachukuliwa, simu ya kumpigia mama yake inafutwa, halafu kesho unamuuliza bado una mawazo yale? Atakujibu hapana hata kama anayo, ili arudishiwe suruali. Gauni lina nafasi yake kwa saa chache za hatari kubwa, na linatakiwa liambatane na mtu aliyekaa pale. Likiwa mbadala wa mtu nalipa nyota mbili.

Kisu cha ndoano, kile cha kumkatia kamba aliyejinyonga, sitakizungumza sana. Kiwe kiunoni kwa mtu aliyeko kwenye korido, siyo kabatini ofisini. Makali yamejificha ndani ya ndoano hivyo hayachani ngozi. Unabeba uzito wa mwili kwanza, mwenzako anakata mbali na fundo, mnamlaza sakafuni na mnaanza njia ya hewa na kifua palepale. Kikishatumika hata kwa mazoezi badilisha, yanakuwa butu mapema. Nyota tano.

Kuna "bidhaa" nyingine ya karatasi ambayo naipa sifuri bila kigugumizi, ile fomu fupi ya nesi kusaini kwamba fulani yuko fiti kuwekwa seli ya peke yake kama adhabu. Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema kutengwa ni saa 22 au zaidi kwa siku bila kuongea na binadamu kwa maana yoyote, na ikizidi siku 15 mfululizo ni marufuku. Kanuni ya 46 inasema mtu wa afya asiwe na mkono kwenye kutoa adhabu, ila amtembelee kila siku aliyetengwa na aseme kama hali inamharibikia. Kwa hiyo saini yangu ya kuruhusu hawaipati, miguu yangu kila siku wanaipata. Ukikubali kusaini mara moja tu wafungwa wanajua ndani ya siku hiyohiyo, na yule aliyekuwa anakuletea siri ya homa yake ya jioni na kikohozi cha wiki tatu hakuletei tena. Hapo umepoteza kifua kikuu ambacho ungekinasa mapema.

Mikanda ya kufungia kitandani. Ile ya kitambaa laini yenye kufuli ya sumaku ni bora kuliko ya ngozi na funguo, dharura ikitokea unafungua viungo vyote haraka sana, na ya funguo utakuta funguo iko kwa afande aliyeenda getini. Chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, kamwe usimfunge kifudifudi na kamwe asikaliwe mgongoni, watu wanakata pumzi hivyo huku wanaowashika wakidhani wametulia. Vidole vipate damu, maji, choo, na kuanzia dakika ya kwanza mtu awe anatafuta sababu ya kumfungua. Mkanda kama bidhaa nyota tatu na nusu, na natamani nisingekuwa na maoni yake kabisa. Kwa wanaopenda historia, pale hospitali ya Bicêtre karibu na Paris mwaka 1797 aliyewavua wagonjwa minyororo alikuwa mhudumu, Jean-Baptiste Pussin, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa hapohapo, ila sifa nyingi zimebaki kwa daktari Philippe Pinel. Na Pussin alipoiondoa ile minyororo akaweka majaketi ya kufunga mikono, kwa hiyo tusimtukuze kupita kiasi.

Huduma, maana mtaniuliza kozi. Ile ya siku mbili ya kutuliza mtu na kujinasua nimeipitia kwa watoaji tofauti, mpangilio ni mmoja. Siku ya kwanza maneno, siku ya pili mieleka. Ya kwanza ni nzuri: anaongea mtu mmoja tu, simama umbali wa mikono miwili au zaidi, usizibe mlango na usikubali azibe yeye, viganja vionekane, sentensi fupi, rudia, nyamaza, mpe vitu viwili vya kuchagua ambavyo vyote unaweza kuvitimiza. Tatizo ni yule mwigizaji wa mazoezi, anatulia kwenye sentensi ya tatu kwa sababu saa ya mapumziko imekaribia. Watu halisi wanachukua dakika 20, nusu saa, wanapanda wanashuka wanapanda tena, na nesi aliyefunzwa na mwigizaji anafika dakika ya nne anaamini maneno yamegoma, anaita nguvu. Halafu hakuna hata kozi moja iliyonifundisha kuongea kupitia kidirisha cha chakula, wakati humo ndimo tunamoongelea. Unakaa ubavuni mwa kidirisha, siyo mbele yake, kwa sababu mbili, kinachorushwa hakikupati, na yeye anakusikia karibu na sikio bila kuonekana anasimamishwa kama kwenye paredi.

Wala hawafundishi kuongea na askari kabla ya kuingia, na hiyo kwangu ndiyo nusu ya kazi. "Afande, nikikaa chini we simama pale pembeni, usimjibu akikutukana, nikishika sikio ujue natoka." Anasema, "Sawa sista, ila usikae mbali na mlango." Makubaliano ya sekunde kumi yameokoa zamu nzima. Mara nyingi anayewasha moto ni wa tatu aliyeingia bila kuambiwa chochote. Siku ya kwanza nyota nne, siku ya pili mbili, hasa ukikumbuka kwamba mbinu za mikono usipozirudia zinafutika haraka.

Kama mwajiri ana hela ya kitu kimoja tu cha mafunzo, mimi ningempeleka kwenye Safewards badala yake. Ni mfumo wa Uingereza wa mambo 10 ya kufanya wodini, mengine ni madogo mpaka unacheka, ukuta wa kuwajua manesi wanapenda nini, boksi la vitu vya kutulizia, kusema walau jambo moja zuri la kila mgonjwa wakati wa kukabidhiana zamu. Ulipimwa kwa majaribio yaliyochapishwa 2015, wodi 31 kwenye hospitali 15, migogoro ikapungua asilimia 15 na hatua za kudhibiti wagonjwa, kama kushika kwa nguvu, kutenga na sindano za lazima, kwa pamoja asilimia 26.4, ikilinganishwa na wodi zilizopewa kitu kingine. Ulitengenezwa kwa wodi za akili, ukiupeleka gerezani mengine hayatapita, boksi lenyewe litakwama kwenye ukaguzi. Lakini kuna moja linapita popote, kutafuta nani amepata habari mbaya leo na kumfuata kabla hajalipuka. Gerezani habari mbaya zina ratiba! Siku ya mahakama, siku ya wageni, simu ambayo haikupokelewa, barua ya talaka. Muulize afande wa zamu, "Leo nani karudi mahakamani na sura mbaya?" atakutajia majina, nenda. Hakuna cha kununua. Nyota tano.

Vya dawa kwa haraka. Vikombe vinavyoonyesha ndani, siyo vya rangi. Tochi ndogo ya kalamu ya kuangalia chini ya ulimi na mashavuni, kwa heshima, usimtie mtu vidole mdomoni. Na ukimkuta mtu kaficha kidonge usikimbilie kuandika kosa, muulize kwanza, wengine wananyang'anywa na wababe wa seli kwa nguvu na wengine dawa inawakakamaza shingo na wanaona haya kusema. Maji yawe ya kutosha, hasa kwa wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza mihemko, mtu akikauka kwenye seli yenye joto au akiongezewa ibuprofeni ya mgongo lithiamu inapanda damuni, anaanza kutetemeka sana, anatapika, anayumba, na watasema amelewa.

Mwisho naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Kifaa chenyewe hakina ubishi, kichwa nyuma, pua moja, sukuma mara moja, kama hapumui vizuri baada ya dakika 2 hadi 3 puliza cha pili pua ya upande mwingine, na usimwache maana inaweza kuisha nguvu kabla ya unga haujaisha. Nyota tano. Malalamiko yangu ni mahali inapokaa. Nimefanya kazi pahali ilikuwa kwenye kabati la funguo mbili na mwenye funguo ya pili analala nyumbani. Ikae na askari wa korido, na afundishwe, siyo dawa ya mpaka dokta aje.

Na anayetoka apewe yake. Wiki mbili za kwanza nje ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu mwili umesahau kipimo chake cha zamani na yeye hajasahau. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linasema yeyote anayeweza kumkuta mtu amezidisha awe nayo, yaani mama, mke, jamaa wa kijiweni. Sehemu nyingine wanaitumbukiza kwenye mfuko wa mali zake pamoja na mkanda na simu iliyokufa chaji, mfuko umefungwa kwa lakiri, hajui hata kama imo. Mimi naomba nimkabidhi mkononi kabla ya geti, tunafungua boksi pamoja, namwambia kwamba yeye mwenyewe hatajipulizia, ni nani atakuwa karibu naye usiku? Kuna vifaa vya mazoezi visivyo na dawa vinauzwa peke yake na vinarudiwa mara nyingi, chukueni viwili, kimoja cha nesi na kimoja kikae chumba cha wageni, ili huyo atakayempulizia ajifunze siku ya kuja kumtazama.